Kitambaa cha Pengo la Tatu

Maji ya bonde lile yalikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia. Yaliporomoka kutoka mlimani, yakapenya kati ya vilima vya chini na mawe yake, yakafika penye lango la mbao, na hapo yakagawanyika. Mfereji mkubwa ulikata kushoto kwenda ranchi, kwenye malisho yaliyozungushiwa seng'enge na mabirika marefu ya saruji. Mfereji mdogo ulikwenda kulia, ukajipinda vichakani, ukapita mazizi ya wafugaji wadogo sita, kila mmoja akichukua chake, ukaishia kwenye kibwawa cha mjane mmoja ambaye watu walimwita Bi Mkiani, kwa kuwa alikaa mkiani mwa mfereji. Wakati wa mvua hakuna aliyelikumbuka lango. Kiangazi kikishika, watu wazima na heshima zao walikuwa tayari kukunjana mashati kwa ajili ya ubao mmoja.

Aliyelinda amani hiyo alikuwa mtunza lango, na jina lake la kazi lilikwisha kumeza jina alilopewa na wazazi: Mzee Lango. Miaka thelathini na mmoja aliweka mbao na kuziondoa, na hakuna aliyewahi kusema kapunjwa. Sifa hiyo ndiyo iliyomlisha. Nyumba aliyokaa na mkewe, vyumba viwili vya mawe juu ya mfereji, ilikuwa mali ya kamati ya maji. Bustani ya nyuma ilikuwa ya kamati. Hata kitanda, ukitaka kusema kweli, kilikuwa na muhuri wa kamati mguuni. Siku atakayoacha lango ndiyo siku ya kufunga virago, na mabinti zake wawili pacha waliolewa mbali, kwenye nyumba zilizojaa wakwe.

Na Mzee Lango alikuwa haoni.

Aliona mwanga, aliona mtu kama nguo iliyoanikwa, lakini pengo kwenye nguzo ya mti hakuliona tena, mwaka wa pili huo. Aliyelijua hilo alikuwa mkewe peke yake, Mama Pacha, na ndiye aliyebuni dawa yake. Nguzo ya lango ilikuwa na mapengo matano yaliyochongwa kwa panga. Wiki ya wafugaji wadogo, mbao zilizokinga mfereji mdogo ziliishia pengo la tatu, maji yakapita juu yake. Wiki ya ranchi zilipandishwa hadi la nne, na mfereji mdogo ukabaki na maji ya watu kunywa tu. Kati ya la tatu na la nne palikuwa na upana wa kiganja kimoja, na ukoga ulikuwa umeyajaza mapengo kiasi kwamba kuyahesabu kwa vidole ilikuwa kazi ya kubahatisha. Basi kila siku ya kugeuza zamu, Mama Pacha alitangulia adhuhuri na ndoo yake, akafunga kitambaa chekundu kwenye pengo linalohusika. Jioni mume akaenda, akang'oa mbao zote kama desturi, akapapasa nguzo, akakuta kitambaa, akazipanga upya kwa madaha kama kijana. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Mke alifunga, mume alikuta, basi.

Siku ile ya kugeuza zamu kwenda ranchi walianza kugombana kabla ya chakula.

"Daktari wa macho anakuja zahanati Jumatano," Mama Pacha alisema. "Nimeuliza. Wanapima bure."

"Wanapima bure, na ninarudi nimefungwa bandeji kichwani. Mwenyekiti akiniona kwenye ile foleni, jioni hiyohiyo kamati inakaa."

"Na usipokwenda?"

"Mimi naona, Mama Pacha."

"Unaona?" Alinyakua kitu mezani, akakiinua mbele ya uso wa mumewe. "Hiki ni nini?"

Mzee alikaza macho. "Kikombe."

Kilikuwa kikopo cha chumvi. Mama Pacha akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, lakini alipomwona mumewe akigeuza uso ukutani alijua ameumiza mahali ambapo hakuwa na haki ya kugusa. Angeomba radhi. Badala yake akapandwa na hasira, kwa sababu amechoka, kwa sababu miguu inamuuma, kwa sababu mwaka wa pili sasa anaona kwa ajili ya watu wawili na hakuna hata ahsante.

"Wewe siku hizi unanifanya mtoto," Mzee alisema.

"Basi usiwe mtoto. Leo nenda mwenyewe, kama unaona."

Naye hakwenda langoni adhuhuri. Alikaa akichambua mboga, akijiambia mumewe atafika langoni, atajikuta hajui lipi ni lipi, atarudi mpole, na Jumatano watakwenda zahanati. Alitaka ashikwe kidogo na aibu, aibu iliyo dawa. Jioni Mzee Lango alirudi akipiga mluzi. Akaning'iniza kofia msumarini, akaukosa mara moja, akaupata.

"Nimemaliza," alisema. "Nani alisema sioni?"

Mama Pacha alitazama nje. Jua lilikwisha kuzama nyuma ya vilima na njia ya langoni ilikuwa na mawe. Akajiambia asubuhi na mapema atakwenda kutazama. Mtu aliyenuna hufanya uvivu akauita busara.

*

Alfajiri alikuta mfereji mdogo unavuma. Hakuhitaji kufika karibu. Aliyekaa juu ya maji miaka yote hiyo huyajua kwa sauti. Kitambaa chekundu kilikuwa pale alipokiacha wiki iliyopita, pengo la tatu, na mbao ziliishia chini yake sawasawa, zimepangwa vizuri. Usiku mzima maji ya ranchi yalikuwa yamekwenda kulia.

Palikuwa na ubao wa akiba kwenye majani. Angeuinua, angeupachika, na pengine mambo yangeishia kwenye lawama ndogo. Lakini mikono yake ilikwenda kwanza kwenye kitambaa. Fundo lilikuwa limelowa na halikutaka kufunguka, akalitafuna kwa meno, na alipokwisha kukisokomeza kifuani, msimamizi wa ranchi alikuwa ameshafika na pikipiki yake.

"Mama, usiguse kitu!" alipaza sauti. "Usiguse hizo mbao. Nataka kila mtu aone."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mabirika makavu na ng'ombe mia mbili waliokusanywa kusubiri malori, na ndama wawili walikuwa wamekanyagwa hadi kufa katika kugombea tope. Alikuwa na tope hilo hadi magotini.

"Mzee aliziweka wapi jana?"

"Muulize mwenyewe," Mama Pacha alisema.

Mzee Lango alishuka kwa fimbo, haraka kuliko ilivyofaa. Kabla hajafika kwa msimamizi, alimsogelea mkewe hadi bega likagusana na bega.

"Kitambaa ulikihamisha?" aliuliza kwa sauti ya chini. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutajwa kati yao.

Mama Pacha aliitazama nyumba kule juu, na moshi wa jiko lake ukitoka. "Nilikihamisha," alisema.

Uso wa Mzee ukakunjuka. Akageuka, akasimama wima, akamwambia msimamizi kwa sauti ambayo kila mtu bondeni aliijua: "Mimi nimeweka mbao hizi pengo la nne kwa mikono yangu miwili. Kama sasa ziko la tatu, basi pana mtu aliyekuja baada yangu."

Hakuwa anadanganya hata kidogo, ndiyo maana aliaminiwa.

*

Kumtafuta mwizi wa maji hakuchukui muda. Unafuata maji. Wafugaji sita walikuwa wamefunga vilango vyao, kwa kuwa si zamu yao, na maji yakawapita. Bi Mkiani hakuwa na kilango. Mfereji ulimwishia tu mlangoni. Kibwawa chake kilikuwa kimejaa pomoni, na ng'ombe wake kumi na mmoja wamesimama ndani maji ya tumboni, wameshiba, wametulia. Mwenyewe alikuwa ukingoni anacheka peke yake kwa furaha. Alidhani mvua imenyesha mlimani.

Kamati ilikaa mchana huohuo, kwenye chumba cha bati kando ya josho, kati ya magunia ya chumvi ya mifugo na madumu ya dawa ya kupe. Mama Pacha ndiye aliyepika chai, kama kila kikao. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya malipo ya nyumba. Alipita na sinia, akaweka kikombe mbele ya mwenyekiti, mbele ya msimamizi, mbele ya kila mwanakamati, na kilipobaki kimoja alikipeleka kwa Bi Mkiani, aliyewekwa kwenye benchi peke yake karibu na mlango.

"Huyo aache," mwenyekiti alisema. "Chai ni ya wajumbe."

Mama Pacha akakirudisha kikombe kwenye sinia.

"Sikugusa lango," Bi Mkiani alisema. "Mimi nina miaka mingapi? Ule ubao nauinuaje? Na kutoka kwangu hadi huko juu ni mwendo wa saa nzima."

"Una ng'ombe kumi na mmoja na kiu," alisema mwanakamati mmoja, na wengine wakacheka kidogo.

"Kiu kila mtu anayo."

"Maji yote yako kwako, mama," mwenyekiti alisema, wala si kwa ukali. "Sisi tufanye nini? Tuseme yalijipeleka? Mzee Lango huyu hapa. Miaka thelathini na mmoja. Mzee, umewahi kukosea?"

"Sijawahi," Mzee Lango alisema.

"Uko radhi kuapa?"

Aliapa. Alisimama na kuinua mkono, macho yake yakiutazama mwanga wa dirishani, na watu walidhani ni unyenyekevu.

Bi Mkiani akageuka. Hakumtazama mwenyekiti. Alimtafuta Mama Pacha aliyesimama na sinia karibu na jiko.

"Mwenzangu," alisema, "wewe ulikuwa wa kwanza kufika langoni. Hebu waambie. Uliona nini?"

Kitambaa kilikuwa bado kifuani, hakijakauka, na ubaridi wake ulikuwa umepita hadi kwenye ngozi. Mama Pacha aliona kitanda chenye muhuri mguuni. Aliona mume wake ameketi kwenye kigoda barazani kwa mkwe, akisogezwa huku na huku watu wapite. Kwa muda mfupi aliona pia vizuri kabisa kwamba neno moja lingetosha, na kwamba neno lenyewe si gumu.

"Sikuona kitu," alisema.

Bi Mkiani alimtazama kidogo zaidi, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine, kisha akainamisha kichwa.

Walimnyima zamu mbili. Na kwa kuwa maji ya wizi hayawezi kuachwa kwa mwizi, kamati ilitoka na majembe, ikashuka hadi mkiani mwa mfereji, ikabomoa ukingo wa kibwawa mbele yake. Mama Pacha alilazimika kwenda kumshika mkono mume wake njiani. Maji yalitoka kwa kishindo, yakatambaa kwenye mchanga, yakanyweka. Hayakurudi ranchi, hayakufika kwa mtu yeyote. Msimamizi mwenyewe alikunja uso kuyaona yakipotea, lakini uamuzi ulikuwa uamuzi. Ng'ombe wakabaki wamesimama kwenye tope, wakinusa.

*

Zamu mbili katika kiangazi ni karibu mwezi mzima. Juma la kwanza Bi Mkiani aliwapeleka ng'ombe wake vilimani kutafuta chemchemi, akakuta ranchi imefika huko na seng'enge yake. Juma la pili alianza kuja na ndoo. Kanuni za kamati ziliruhusu maji ya kunywa kwa mtu, ndoo mbili, si kwa mnyama. Alichota kwenye kisima kilichokuwa uani kwa mtunza lango, moja kichwani, moja mkononi, saa nzima kwenda. Mama Pacha alikuwa akimjazia ya tatu, ya mkono wa pili, huku akitazama pembeni asije mtu akaona.

"Mungu akulipe, mwenzangu," Bi Mkiani alimwambia. "Wengine wote wameniepuka kama nina ukoma. Wewe peke yako."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Lazima niseme."

Mama Pacha aliingia ndani akakaa kitandani mikono mapajani. Mambo mengine mtu huyavumilia, lakini kushukuriwa namna ile kulimtesa kuliko matusi. Mara mbili alifungua kinywa amwambie mumewe, na mara mbili Mzee Lango akamtangulia kwa kusema kwamba usingizi umerudi, kwamba tangu siku ile ya kiapo anajisikia mwanamume tena. Sasa Mama Pacha alikwenda naye langoni waziwazi, mkono kwa mkono, na kuhesabu mapengo mwenyewe kwa sauti. "Ulinzi," Mzee aliwaambia watu. "Wezi wamezidi."

Ng'ombe wa kwanza kufa alikuwa jike mwenye mimba. Akafuata ndama, wakafuata wawili kwa siku moja. Walipofika sita, Bi Mkiani alimwita msimamizi wa ranchi, akamwachia watano waliobaki kwa bei ya ngozi. Msimamizi aliwachukua akiangalia pembeni.

Bi Mkiani alikuja kuaga asubuhi, mzigo wake kwenye kipande cha turubai. Hakujua hasa anakokwenda. Palikuwa na mpwa mjini, alisema, ikiwa bado yupo hapo alipokuwa. Mkononi alikuwa na ndoo ya kukamulia, bati safi lililosuguliwa hadi linang'aa.

"Sina cha kukamua tena," alimwambia Mama Pacha. "Wewe chukua. Nisingependa aipate mtu mwingine."

Kisha alimgeukia Mzee Lango, aliyeketi mlangoni. "Sina kinyongo na wewe, mzee. Ulisema ulichokijua. Aliyefungua lango Mungu anamjua."

"Anamjua," Mzee alisema, na akamshika mkono kwa heshima zote.

Mama Pacha alisimama na ile ndoo. Bi Mkiani alikuwa bado uani, akajitwisha mzigo, akafungua kitasa cha uzio, akakifunga tena nyuma yake vizuri ili kuku wasitoke. Palikuwa na muda wa kutosha kumwita. Hakumwita.

*

Barua ya kamati ililetwa siku nne baadaye na mwenyekiti mwenyewe, jambo lililoonyesha kwamba ndani hamna jema. Alikataa kiti.

"Mzee, hii si kwa ubaya," alisema. "Lakini baada ya ule wizi, ranchi imesema haiwezi tena kutegemea mbao ambazo hata bibi kizee anazinyanyua. Wanaleta lango la chuma. Lina gurudumu na kufuli, ufunguo unakaa kwa msimamizi. Kwa hiyo ile kazi... Unaelewa. Nyumba inatakiwa mwisho wa mwezi. Kamati inakushukuru sana. Umeandikwa hapo, mstari wa pili, kwamba hukuwahi kukosea."

Alipoondoka, Mzee Lango alibaki na karatasi mkononi, ameishika juu chini. Mama Pacha aliigeuza akamwekea sawa, kana kwamba ingesaidia. Halafu akaenda kwenye sanduku la nguo, akatoa kile kitambaa, akamwekea juu ya karatasi.

Vidole vya Mzee vilikitambua mara moja. Vilipita kwenye upindo, vikafika mahali palipotafunwa.

"Kilikuwa wapi?" aliuliza.

"La tatu."

"Siku ile."

"Siku ile. Sikukihamisha. Nilikuwa nimenuna."

Hakupiga kelele. Alikikunja kitambaa mara nne, na Mama Pacha akaomba apige kelele. Mwishowe akasema, "Uliniapisha."

"Nilidhani naokoa nyumba."

"Uliniapisha uongo, Mama Pacha. Nikamshika yule mwanamke mkono." Akanyanyuka, akapapasa fimbo. "Nipeleke kwa mwenyekiti."

Walimkuta kwenye chumba cha bati anahesabu madumu. Mzee Lango alisimama akasema yote, macho, kitambaa, kiapo, na hakumtupia mkewe hata neno. Mwenyekiti alimsikiliza huku akikuna shingo. Alipomaliza, akaenda kufunga mlango.

"Haya umemwambia nani mwingine?"

"Wewe wa kwanza."

"Basi niwe wa mwisho. Mzee, tafadhali. Lile eneo la mkiani ranchi imeshalichukua, karatasi zimeshasainiwa. Ukingo tumebomoa sisi, kwa majembe yetu. Leo nikasimame mbele ya watu niseme nini? Na yule mama mwenyewe yuko wapi? Unajua aliko?"

Hawakujua. Hakuna aliyejua.

"Nenda kapumzike," mwenyekiti alisema, na akampigapiga bega taratibu, namna watu wanavyowafanyia vipofu. "Wewe hukukosea. Imeandikwa."

Nje, Mama Pacha alishika njia ya nyumbani, lakini mumewe alivuta mkono wake upande wa pili. Walifuata mfereji mdogo chini, ukingo wake mkavu ukilia chini ya viatu, wakapita mazizi sita ambayo wenyewe waliwasalimia kwa mbali. Jua lilikuwa juu. Nyuma yao mlima ulikuwa na wingu jembamba lisilo na kitu ndani. Walipofika mkiani, Mzee alisimama, akanusa hewa.

"Tumefika?"

"Tumefika."

"Unaona nini?"

Mzee alingoja, mkono wake juu ya mkono wa mkewe, uso umeelekea mahali ambapo kibwawa kilikuwa.

"Nimekuuliza. Unaona nini?"

Ndipo akaanza kumwambia. Alimwambia ukingo uliobomolewa na alama za majembe zilizokauka, zinahesabika. Alimwambia tope lililopasuka na kwato zilizoganda ndani yake, nyingine kubwa, nyingine za ndama. Alimwambia mifupa ya ng'ombe watatu iko upande wa mti na mingine mbele, na pembe moja imefungwa kamba bado. Alimwambia mlango wa kibanda umefungwa vizuri kwa waya, kwamba Bi Mkiani alifagia uwanja kabla ya kuondoka na alama za ufagio zipo. Kila aliponyamaza Mzee alisema, "Na nini tena?" naye akatazama tena, akamwambia, hadi hakikubaki kitu cha kutaja.